Nusu ya Rupia Thelathini na Saba

Nilikabidhi funguo za sanduku la chuma siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi miguu ikanipeleka dukani yenyewe. Karani mpya alinikuta kizingitini akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamjibu kwamba nimesahau kuwa nimeacha kazi. Akacheka, akanivutia kiti, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameniuliza mambo manne ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Jioni yake nikanunua daftari, niwaandikie ninyi makarani mliobaki. Macho yangu hayasomi tena tarakimu ndogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuondoka kwangu, lakini maandishi makubwa bado nayaweza. Msishangae basi mkikuta ukurasa mzima una mistari kumi.

Habari za lini niliongezwa mshahara nitaziacha. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara ulimtosha mtu asiyekunywa.

Mimi ni mtoto wa Mpwapwa. Baba yangu alitoka Bagamoyo na misafara ya pembe, akachoka njiani, akaoa. Nilisoma chuoni kwanza, kwa mwalimu wa Kurani, kisha nikapelekwa pwani kwenye shule ya serikali, nikarudi nikijua herufi za aina mbili na sina kazi hata moja. Bwana Kanji alikuwa na duka Mpwapwa wakati huo, bati moja na ukuta wa udongo. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Alimwaga mfuko wa fedha juu ya mkeka akasema, "Tenga." Zilikuwamo rupia za Mdachi zenye kichwa cha Kaisari aliyevaa kofia ya chuma, rupia za Bambai zenye kichwa cha Malkia wa Waingereza, reale chache za zamani, na rupia za bandia. Nilikuwa na jiwe la mtoni la kugongea. Rupia njema ukiigonga jiweni hulia, ya bandia, ya madini ya risasi, hunyamaza. Nilipomaliza nikamwambia za bandia ni tatu.

"Ziko nne," akasema.

Nikagonga zote upya. Tatu. Akasema tena nne, na safari hii alikunja uso. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na nilijua kwamba nikisema nne nitapewa chakula. Nikamwambia, "Bwana, ni tatu." Akaagiza niletewe chai, na kazi ikaanza pale pale.

Wengi wenu mmeikuta kazi imekwisha kupangwa, kwa hiyo nitaeleza ilivyo. Nyumba yetu ya biashara ni nyumba tatu za ndugu watatu. Mkubwa yuko Bambai, mdogo yuko Unguja, na wa kati, Bwana Kanji, ndiye aliyekuja bara. Sisi huku tunanunua ngozi, samli na nta kwa Wagogo, na tunawalipa kwa fedha ya Mdachi. Mali inashuka pwani, inavuka hadi Unguja kwa Mwingereza, inauzwa kwa rupia za Bambai. Kwa rupia hizo ndugu mkubwa ananunua kaniki na shanga, anatuletea. Katika mzunguko huo wote fedha yenyewe haisafiri. Kupeleka gunia la rupia pwani kwa miguu kulitaka wapagazi, na wapagazi walitaka askari, na askari walitaka kuangaliwa. Kwa hiyo fedha ilikaa, karatasi ikatembea. Unguja wakimlipa mtu kwa ajili yetu, tunaandika kwamba tunadaiwa. Sisi tukimlipa mtu kwa ajili yao, tunaandika kwamba tunadai. Na ikifika Diwali vitabu vitatu vyenye majalada mekundu vinalinganishwa. Rupia ya Mdachi na ile ya Bambai zina uzito mmoja, lakini tangu Mdachi alipoifunga yake na marki, fedha ya kwao Ulaya, bei zake zimeachana kidogo. Hicho kidogo kilinikosesha usingizi zaidi ya simba wa Mpwapwa.

Karatasi yenyewe ni hundi. Bwana Kanji alinifundisha kuisoma kwa muda wa mvua moja, kwa Kigujarati, kidole chake kikiwa juu ya kila neno. Mnajua desturi yake: kiasi hakiandikwi mara moja. Huandikwa, "Lipa rupia mia nne, nusu yake mia mbili, mara mbili ya nusu hiyo mia nne." Mimi niliona ni kupoteza wino.

"Athumani," akaniambia, "mwizi anaweza kubadilisha tarakimu moja. Anayejua kubadilisha tatu zikakubaliana, huyo si mwizi, ni karani."

Akanipa na kanuni: nusu ikikataa kulingana na jumla, usilipe. Shika karatasi, andika Unguja, ngoja jibu. Basi.

Kisha Wadachi wakabadilisha sarafu ndogo. Zamani rupia moja ilikuwa pesa sitini na nne, na kila mtu, hata mchunga mbuzi, alizijua nusu na robo zake kichwani. Ghafla pesa zikafutwa, zikaja hela, mia kwa rupia. Miezi mitatu nilikosea kila siku. Nilikuwa nikisema robo ni kumi na sita badala ya ishirini na tano. Bwana Kanji hakunikaripia. Alinikata hela moja kwa kila kosa, akaitia katika kopo lililokaa mezani pangu niwe naliona. Kopo lilipofika nusu nikaapa kuzisahau pesa. Wengine hufanya bidii kujifunza, mimi nilifanya bidii kusahau, nikafaulu, nikajivuna. Wateja wakisema pesa nilikuwa nawasahihisha hadharani. Nilikuwa mtu wa kuudhi wakati ule, mke wangu ni shahidi.

Unguja hawakufuata. Si nchi ya Mdachi, hela zinawahusu nini? Ndugu mdogo na makarani wake waliendelea na pesa zao sitini na nne, nasi tulijua hivyo, lakini halikutusumbua. Hundi za baina ya nyumba zilikuwa za mia tano, za elfu. Nusu ya elfu ni mia tano popote duniani. Fedha za wakubwa hazina vipande.

Reli ilipofika Dodoma, Bwana Kanji alifunga Mpwapwa, tukahamia huku kwenye upepo na vumbi na maji ya chumvi. Mji ulikuwa stesheni, boma, na vibanda vya watu waliokuja kuuza kitu kwa waliojenga stesheni. Na reli ilileta jambo ambalo hatukulitazamia. Vijana wa Kigogo walianza kushuka pwani kutafuta kazi, baadhi wakavuka hadi Unguja, na wachache wakabeba mizigo katika ghala la ndugu mdogo. Walitaka kupeleka mishahara yao nyumbani. Ndugu mdogo akaona ni jambo jepesi: anazipokea zile fedha kule, anaandika hundi, sisi tunalipa huku. Ndipo kwa mara ya kwanza zikaja hundi za rupia kumi na moja, za rupia ishirini na tatu.

Mwaka huo Bwana Kanji alikwenda Tabora kutazama kiwanja, akaniachia duka kwa juma moja. Alhamisi asubuhi akaingia mtu mrefu aliyenizidi umri, masikio yametogwa na kuning'inizwa vipuli vya shaba, shuka moja begani. Jina lake Madeje, wa Ihumwa. Alikuwa ameikunja hundi ndani ya kipande cha ngozi ya mbuzi, akaifungua polepole.

"Mbukwa," akaniamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mzee. Una shida gani?"

"Sina shida. Nina karatasi. Mwanangu Ndahani ameniletea, yuko Unguja, anabeba magunia kwa Wahindi wenu. Miaka miwili hajala nyama, ndiyo hii." Akaniwekea mezani. "Anasema humu mna ng'ombe wawili."

Nikaisoma. Lipa rupia thelathini na saba. Nusu yake kumi na nane, kisha kile kimstari kidogo tunachotenganishia, kisha thelathini na mbili; mara mbili ya nusu hiyo thelathini na saba. Jina la sarafu ndogo halikuandikwa, maana siku zile halikuandikwa kamwe. Nikachukua kibao nikaizidisha nusu mara mbili: rupia thelathini na sita, hela sitini na nne. Nikarudia. Thelathini na sita, sitini na nne. Si thelathini na saba.

Mmeshaona. Mimi sikuona. Ningejiuliza tu ni nani Unguja atakayetuma hela sitini na nne, mahali ambapo hawana hata hela moja, mambo yangeishia hapo. Ningejiuliza hata ni mwizi gani atakayeharibu hundi ya mtu ili apate hela thelathini na sita za ziada. Sikujiuliza. Nilikuwa nimepata kosa, na karani akipata kosa hufurahi kupita kiasi.

"Karatasi hii nani ameigusa?" nikamwuliza.

"Mimi, na kijana aliyeileta."

"Imeharibiwa."

Akainama kuitazama. "Haikunyeshewa," akasema.

Akaomba maji, akakaa juu ya gunia la chumvi kungoja. Ule utulivu wake niliuona ni ujanja. Nikatuma mtu kumwita askari.

Bomani aliyesikiliza mashauri alikuwa Mdachi tuliyemwita Bwana Shauri, kama wote wanavyoitwa. Kigujarati hajui, lakini hesabu anajua. Nikamsomea, nikamwonyesha kibao. Akafanya hesabu mwenyewe kwa kalamu yake, akapata sitini na nne kama mimi, akanisifu kwa uangalifu wangu mbele ya watu. Madeje akaulizwa ana neno gani.

"Sijui kusoma," akasema. "Lakini mwanangu si mwongo."

Akahukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Siku ya viboko ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo alifungiwa ndani kuingoja. Nilirudi dukani nikafungua vitabu, nikala chakula changu vizuri.

Ijumaa kabla ya sala akaja Bi Mwanaidi, bibi wa mjini ambaye mumewe alikuwa mtu wa misafara. Alikuwa mteja wetu tangu Mpwapwa, na hela alizikataa katakata. Akashika kifurushi cha uzi.

"Huu kiasi gani, mwanangu?"

"Robo rupia, Bi."

"Robo ndiyo pesa ngapi? Hela zenu mie sizijui."

Siku nyingine ningemsahihisha. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda msikitini. "Kumi na sita," nikamjibu.

"Nikichukua viwili?"

"Nusu rupia. Pesa thelathini na mbili."

Alinilipa akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama na uzi wa mteja mwingine mkononi. Thelathini na mbili. Nusu ya rupia thelathini na saba ni kumi na nane na pesa thelathini na mbili, kama Unguja walivyohesabu siku zote. Na zile sitini na nne nilizompelekea Bwana Shauri kuwa ushahidi wa wizi ndizo rupia moja nzima iliyopungua, nimeiandika kwa mkono wangu na sikuitambua. Hundi ilikuwa safi. Mwizi hakuwapo.

Hapo ilikuwa bado siku moja. Nataka mlijue hilo vizuri, maana tangu siku hizo nimekuwa nikilisimulia jambo hili kana kwamba niligundua baadaye. Niligundua Ijumaa. Nilijiambia kwamba karani aliyemsingizia mtu bomani atalazwa pale pale alipolazwa msingiziwa. Nilijiambia kwamba jina la nyumba litachafuka. Nilijiambia kwamba Bwana Kanji anarudi Jumapili na ataeleza vizuri kuliko mimi. Zote zilikuwa sababu za kweli, na zote zilikuwa woga.

Jumamosi asubuhi nilikwenda bomani. Nilifika hadi langoni. Askari wa zamu nilimfahamu.

"Karani, umekuja kumwona mwizi wako?"

"Nimekuja kuulizia ushuru wa ngozi," nikasema.

"Ushuru Jumatatu."

Nikamshukuru, nikageuka. Sikuwa nimefika sokoni nilipomsikia mhesabu viboko akianza, moja, mbili, kwa sauti kubwa kama inavyotakiwa. Nikakaza mwendo. Niliona aibu, na bado naiona, ila aibu haikunirudisha.

Bwana Kanji alirudi kwa gari moshi la Jumapili, na siku hiyo hiyo mfuko wa posta ukafika kwa gari la kutoka pwani. Ndani yake mlikuwa na barua kutoka Unguja iliyopaswa kuitangulia hundi: rupia thelathini na saba za Ndahani, apewe baba yake. Nikampa hundi na kibao. Hakuhitaji kibao. Aliitazama mara moja.

"Hii nusu ni ya pesa, Athumani."

"Najua, Bwana."

"Ulijua lini?"

"Juzi."

Akavua viatu vyake vya safari. "Nilikufundisha kushika karatasi," akasema. "Nani alikufundisha kushika mtu?"

 Kesho yake alikwenda bomani mwenyewe, nami nyuma yake, nikaeleza yote. Bwana Shauri alikasirika sana, lakini naye alikuwa ameifanya hesabu ile ile kwa kalamu yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo shauri likafungwa upesi kuliko nilivyotegemea. Jina la Madeje likafutwa kitabuni. Tangu siku hiyo Bwana Kanji aliamuru kila hundi ndogo iandikwe jina la sarafu ndogo, kwa maneno, mara zote tatu. Ndiyo kazi ile mnayoilalamikia kila mwisho wa mwezi. Endeleeni kulalamika, lakini andikeni.

Akanihesabia rupia thelathini na saba katika mfuko mmoja. Katika mfuko wa pili akatia ishirini na tano, akasema hizo zitatoka kwangu kidogo kidogo. "Peleka mwenyewe, kwa miguu," akasema. "Na kalamu chukua, huenda akataka risiti." Nadhani alijua kwamba Mgogo wa Ihumwa hana haja ya risiti.

Nilifika Ihumwa mchana, jua kali. Madeje alikuwa mbele ya tembe lake, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia kila kitu, na ile Ijumaa nikamwambia. Hakutukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilikuwa nimetumaini hivyo. Mkewe akatandika ngozi, nikampangia rupia tano tano, na mbili za mwisho, hadi zikatimia thelathini na saba. Nikafungua mfuko wa pili.

"Hizi za nani?" akauliza.

"Zako, mzee. Kwa ajili ya..."

"Ndahani alituma ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Basi hizo si za Ndahani. Rudi nazo."

Nikafunga mfuko. Nilidhani nimeruhusiwa kuondoka, lakini akaitazama kalamu iliyokuwa imechomoza mfukoni mwangu.

"Unaandika barua?"

"Naandika."

"Mwandikie mwanangu."

Nikakaa chini, nikaweka karatasi juu ya goti. Alisema polepole, Kiswahili cha kuokotaokota, akisubiri kalamu inyamaze baada ya kila neno. "Ndahani. Fedha imefika. Rupia thelathini na saba, haikupungua. Nilienda dukani, nikapewa siku ile ile."

Nikasimamisha kalamu. "Mzee, niache niandike yaliyotokea. Niandike kwamba kosa ni langu."

"Ukiandika hivyo atarudi," akasema. "Akirudi atakuja kwako. Na wewe una askari. Andika nilivyosema."

Nikaandika nilivyoambiwa. Nikapewa, siku ile ile. Mama yako hajambo. Ng'ombe nitanunua mwezi ukiandama. Usiache kazi. Mimi ni mzima, mwili wangu hauna neno.

"Sasa soma," akasema.

Nikamsomea yote, tangu jina la mwanawe hadi mwisho. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, kwa kuwa kukaa alikuwa bado hawezi.